Chaki ya Bulu ya Mahmoudi

Mahmoudi ni mudogo yangu, tumbo moja, baba moja, donc nitamusema vile namujua. Iko fundi ya nguo. Mashine yake iko kwa baraza, hapa Mangobo, tangu nywele yake ilikuwa nyeusi. Mukono yake ni muzuri, hiyo siwezi kumunyima. Nguo ya arusi, kanzu ya Idi, uniforme ya masomo, vyote vinatoka pale. Lakini mudomo yake haijui kusema hapana. Mutu akileta kitambaa siku mbili mbele ya Idi, anajibu "ndiyo, mama". Wengine kumi wakileta, "ndiyo, papa". Kisha wakikuja kuchukua, anajificha kwa choo.

Mutu kama huyu njo walimufanya chef ya avenue, mukubwa wa barabara yetu. Haikuwa juu ya akili. Ni juu hakuna mutu alikuwa anamuogopa.

Mwaka jana matone ya polio ikakuja. Mutu mwenye megafoni akapita na moto, ile pikipiki, anapiga kelele: watoto wote chini ya miaka tano, ni lazima, muzazi mwenye kukatala ataitwa kwa biro ya serikali. Wanawake wawili wanaingia nyumba kwa nyumba na kisanduku ya barafu. Mutoto anapata matone mbili kwa mudomo, wanamutia wino kwa kidole, kisha wanachora mulango na chaki: tarehe, hesabu ya watoto, mushale. Mulango ikiwa na alama, wengine hawaingie tena.

Maneno ikaanza mbele ya mashine ya Mahmoudi, pale kila maneno ya avenue inaanzaka. Djuma njo alifungua. Ni bwana ya Fatouma, binti ya Mahmoudi. Anauzaka pneu, zile mipira ya magurudumu ya moto, na anajua vyote.

"Papa, malaria ikishika mutoto yangu Malika, Leta, ile serikali yetu, inaniambia: lipa. Ule ugonjwa sijaona hata na macho, Leta inanifuata na dawa mpaka kwa kitanda, bure, na ni lazima. Bure na lazima, pamoja! We ulishona nguo ya bure kwa lazima siku gani?"

Watu wakacheka. Na mi nilicheka, kusema kweli, juu pale hakudanganya. Adeline, ule mwanamuke Munande mwenye kubeba kisanduku ya matone, akaiweka chini.

"Papa Djuma, ule papa mwenye miguu ya kukauka, wa velo ya mikono pale sokoni, unafikiri alizaliwa na ile velo?"

"Ule walimuroga."

"Ah bon. Na mulozi anapitaka kwa watoto wasiokunywa matone tu?"

Wakacheka tena, lakini mara hii walimucheka Djuma. Pale njo alifunga roho kabisa. Akasema mwili ya mutoto yake haiko biro ya Leta, akaenda.

Mangaribi Fatouma akakuja kwa baba yake. Djuma amesema: matone ikiingia kwa Malika, yeye Djuma anatoka nyumbani. Na wakimuita kwa biro, atapigana na polisi. "Papa, fanya kitu."

Mahmoudi akafanya. Asubui, mbele Adeline na mwenzake wafike, akachukua ile chaki yake ya kuchora kitambaa, akaenda kuchora mulango ya Fatouma: tarehe, moja, mushale. Jirani akamuona. "Na mimi, papa chef?" Ndiyo, mama. "Na sisi?" Ndiyo, papa. Milango saba. Adeline alipofika akaona alama, akafikiri wenzake wa equipe ingine wamekwisha kupita. Akapita.

Ile siku mi nilienda kwa Fatouma na sahani ya lituma, ndizi ya kuponda. Niliona mulango. Chaki ya wale wanawake ilikuwa nyeupe, munene. Hii ilikuwa bulu, yembamba kama alama ya kupitisha mukasi. Nikasema kwa roho: chaki yao imeisha, leki yangu Mahmoudi amewapa yake. Nikaingia, tukakula. Malika akanipokea na mbio, miaka tatu, karibu aniangushe na sahani.

Miezi mbili haikupita, mutoto akashikwa na homa. Siku tatu. Siku ya ine homa ikashuka, Fatouma akamusimamisha kwa kumuosha, akaanguka. Akamusimamisha tena, akaanguka. Akafikiri ni muchezo, akamupiga kofi kidogo kwa matako. Mutoto akamuangalia, mugu ya kushoto inaningʼinia kama mukono ya koti.

Kwa centre ya afya wakachukua choo ya mutoto mara mbili, wakaitia kwa barafu, wakasema inaenda Kinshasa na ndege, kuangaliwa ni ugonjwa gani. Mungojee.

Tukangojea. Mahmoudi alikuwa anaenda kwa Fatouma kila asubui na metre yake kwa shingo. Anapima mugu ya kuume, anapima ya kushoto, pale kwa nyama ya nyuma. Siku ya kwanza ilikuwa sawasawa. Kisha ya kushoto ikapunguka, kidogo tu. Akasema metre yake imelegea. Akaleta metre ya mupya. Ikapunguka tena. Akaacha kutuambia hesabu, lakini alikuwa anapima, na mi nilikuwa namuangalia midomo yake. Ilikuwa inahesabu.

Nao watu wa avenue wakaangalia mulango ya Fatouma. Alama iko pale. Donc mutoto alikunywa matone. Alikunywa, na mugu imekufa. Wakaunganisha hivi, na nani angewakatalia? Ikatembea mpaka kwa maji ya bomba, mpaka kwa soko: matone njo inakausha miguu. Hata wale waliokunywisha watoto yao wakaanza kuwaamusha asubui kuwatembeza. Na Djuma, mwenye kujua vizuri mutoto yake hakukunywa kitu, akasimama katikati anasema, "Niliwaambia." Ule mwanaume sitamupa mukono mpaka wanizike.

Wakatangaza Adeline anarudia na matone siku ya ine. Jirani moja akasema atamungojea na beseni ya maji machafu.

Yale maneno haikuniacha nilale usiku. Asubui nikaenda kwa mulango ya Fatouma, nikapitisha kidole. Unga ya bulu. Ile ile yenye kuchafua maputa, vitenge yangu, miaka makumi tatu. Nikamupelekea Mahmoudi kidole yangu mpaka kwa pua.

"Leki, hii ni nini?"

"Yaya," vile ananiitaka mi mukubwa yake, "ikala chini kwanza."

"Siikale. Mutoto alikunywa?"

Akakanyaga mashine. Ikakimbia bure, haina kitambaa ndani.

"Nikisema, Djuma atamufukuza Fatouma. Watu watanichoma na nyumba."

"Na usiposema? Kumebaki milango sita. Watoto wangapi ndani?"

Alijua. Alikuwa chef. "Kumi na moja."

"Utawapima wote na metre?"

Nikatoka.

Siku ya ine Adeline akatokea kule mwisho ya avenue na kisanduku yake. Wanawake walikuwa kwa milango, mikono kwa kifua. Ule wa beseni alikuwa tayari. Mahmoudi akatoka kwa baraza na kitambaa yenye maji, akaenda kwa mulango ya binti yake, akaanza kufuta.

"Malika hakukunywa," akasema. Sauti kama ya mutu anaomba chumvi. "Ni mimi nilichora."

"Papa, nyamaza!" Djuma huyo.

"Nilinyamaza, Djuma. Angalia mugu."

Ule mwanamuke akamwaga beseni. Haikuenda kwa Adeline, ilienda kwa Mahmoudi, yote, juu ya kichwa. Mulango yake ilikuwa moja ya zile saba, alikuwa anasahau? Mahmoudi hakupangusa hata uso. Akaenda kwa mulango ya pili, anafuta, maji inatona kwa kanzu, na ya tatu, mpaka saba. Adeline alipoona ya mwisho imekuwa safi, akafungua kisanduku.

Watoto kumi wakakunywa. Wa kumi na moja, mama yake alimufunga kwa mugongo, akakimbia naye Ubundu. Mutu akitoka kule naulizaka: ule mutoto anatembea? Mpaka leo hakuna mwenye kunijibu.

Jibu ya Kinshasa ikakuja kisha. Ilikuwa polio.

Djuma hakutoka nyumbani, hakumufukuza mutu. Mahmoudi akarudisha kashe, ule muhuri ya chef. Ile chaki alitupa, sasa anachoraka nguo na kipande ya sabuni.

Idi yenye ilipita Malika alitaka robe, gauni ya kuzunguka. Anasimama amelala upande moja, donc ukikata pindo sawasawa, kwake inaonekana imepinda. Lazima uikate imepinda, njo ionekane sawa. Mahmoudi alikuwa kwa magoti mbele yake, anachora na sabuni, anafuta, anachora tena.

"Yaya," akaniambia, haangalii juu, "we hautanisamehe?"

"Kushoto," nikamuambia. "Kushoto iko chini."

Akafuta. Mutoto akamushika babu yake kichwa asianguke.

"Koko, maliza. Mugu imechoka."