Haki Isiyobanduka Melini

Kaka yangu mkubwa alikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Meli hiyo ilipokamatwa Mombasa kwa amri ya mahakama, kwa sababu ya madeni, mwenye meli alitoweka, na mabaharia wakabaki bila mishahara wala chakula cha kutosha. Mimi nilikuwa karani wa wakili mjini humo, basi nikapanda melini kumweleza.

"Kaka, shuka. Meli itauzwa. Zitatolewa kwanza gharama za mahakama, kisha mishahara yenu. Benki iliyowekewa meli rehani itangoja nyuma yenu."

Akacheka. "Benki imngoje mpishi? Maji ya chumvi yamekupanda kichwani, mwana wa mama."

"Madai yenu yameshikamana na meli yenyewe. Hata ukiwa nyumbani Kyuso, hayabanduki."

Alitikisa kichwa. Kwetu, anayemtunza ng'ombe wa mtu hamwachi atoke zizini kabla ya kulipwa. Akitoka, haki nayo imetoka. "Ukishaachia kamba, utamdai nani?" akaniuliza.

Nilimweleza tena kila Jumapili nilipompelekea unga na maji. Wenzake walishuka mmoja mmoja. Yeye alibaki, akaanza kuharisha, na tulipomshusha alikuwa hajitambui. Alifia hospitalini.

Meli iliuzwa. Mishahara ililipwa kabla ya benki, ya walioshuka na ya aliyebaki, sawasawa. Mama aliupokea mshahara wa kaka kutoka mikononi mwangu, akaniuliza kama wale walioshuka nao walilipwa. Nikamwambia ndiyo.