Balozi Mlangoni kwa Briolanja

Bastião Quaresma wa Tavira alikuwa mtoto wa mvuvi wa jodari. Aliingia baharini kabla hajaota ndevu, na alipofika makamo alikuwa nahodha wa mfalme wa Ureno. Akatumwa pwani ya Guinea, achunguze midomo ya mito na kupatana na mfalme mmoja wa huko.

Mfalme yule hakuwa na haraka. Mabaharia walichoka kungoja, wakataka kufyatua mizinga.

"Tumekuja kuomba au kubomoa?" Bastião aliwauliza. "Niacheni nikae naye. Nyinyi rudini."

Wakamwacha. Akala viazi vikuu, akaugua homa, akajifunza lugha huku watoto wakimcheka matamshi. Mwishowe mfalme akamwita, wakapatana. Lakini merikebu ya kumchukua ilichelewa miaka.

Huku nyuma mkewe Briolanja aliambiwa amekufa. Akamlilia, akamaliza. Siku Bastião alipobisha, Briolanja alifungua mlango nusu, ungo wa tini kavu mkononi.

"Ni mimi, mke wangu."

"Mume wangu alikufa. Kwanza hakuachwa huko, aliomba kuachwa. Wenzako waliniambia."

 Bastião akahamia kwa dada yake. Ila kila asubuhi alikuja, akasalimu, akakaa kizingitini.

"Balozi!" jirani Mécia alimtania kutoka dirishani. "Umeshapewa kiti?"

"Bado. Leo nimepewa maji."

"Basi mambo yanaiva!"

Mchana mmoja mvua ilishuka ghafla, na tini zilikuwa zimeanikwa juu ya paa tambarare la nyumba. Walipanda wote wawili wakazikusanya mbio mbio, wakashuka wamelowa chapachapa.

"Kwa nini ulibaki?" Briolanja aliuliza.

"Niliona damu itamwagika. Wewe sikukuwaza kabisa. Nilikukosea."

Briolanja alikamua shela yake.

"Ungesema hivyo tangu siku ile, ungekuwa umeshakula. Ingia, dagaa wanapoa."

Hakutoka tena. Mfalme wa Ureno alipomwita kwa safari nyingine, Bastião alimuuliza mkewe kwanza, kisha akaomba radhi kwamba amezeeka. Nahodha kijana aliyepewa kazi ile alikuja Tavira kumuuliza habari. Bastião akamchorea mafungu ya mchanga kwenye midomo ya mito, na jioni nzima akamfundisha kusalimia kwa lugha ya kule, akimrudisha kila alipokosea, mpaka Briolanja naye akaishika salamu ile.