Namba Tisa kwenye Karatasi ya Mama Jirani

Mtanisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la sita, na kuandika kwangu ni kama kuchambua mchele: punje moja, nyingine, kisha napumzika.

Lakini mwandiko huo ndio ulionipa kazi. Miaka ile mambo ya mji wetu wa Likasi yalipoporomoka, karani wa zahanati ya kiwanda chetu aliiacha meza yake akaenda kulima mihogo. Kilikuwa kiwanda kidogo, leo hakipo tena. Fundi wa labo, mpima damu wetu, akanichukua mimi, msichana wa miaka kumi na minane. Alimwambia muuguzi, "Huyu anaandika polepole, hawezi kukosea."

Niliandika bon, karatasi za kupimwa damu. Orodha ya vipimo ilibandikwa ukutani, kila kipimo na namba yake, na kiwanda kililipa kwa kuangalia namba. Saba ilikuwa tifoidi. Tisa ilikuwa kaswende. Siku moja nilimuuliza fundi anawezaje kumwona mdudu mdogo hivyo.

"Mududu mwenyewe hatumutafute," akasema. "Tunatafuta baaskari benye damu ilituma kupigana naye. Kila mududu iko na baaskari bake."

Pampu za maji zilipokufa, watu wakanywa maji ya visima na ya mto, na tifoidi ikaingia nyumba kwa nyumba. Kiwanda kikaifuta saba: anayeitaka ajilipie. Tisa wakaendelea kuilipia. Fundi akaona njia. Mimi niandike tisa, yeye apime saba, na jibu la kweli amwambie muuguzi kwa mdomo. Sharti lilikuwa moja: kabla sijaandika, nimnong'oneze mgonjwa, akubali mwenyewe, na nyumbani amwambie mwenzake tu. Wengine walicheka. Mzee mmoja wa karakana aliniambia, "Andika tu, mutoto. Kwa miaka yangu hii, ile ni sifa!"

Kisha akaja mama jirani yetu. Ndiye aliyeongoza nyimbo za akina mama kanisani, na ndiye aliyenifundisha kufuma vitambaa vya meza. Alikuwa na homa ya wiki nzima, midomo imepasuka. Nilijua la kumwambia. Nikamtazama, na ulimi ukakataa. Nitalitajaje jina la ugonjwa ule mbele ya mama kama yeye?

"Unaandika nini murefu vile, mutoto yangu?" akanitania. "Barua ya muchumba?"

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Nami nikacheka. Nikaandika tisa, sikumwambia neno. Fundi alipima, akaikuta tifoidi, muuguzi akamwambia mama na kumpa dawa, akapona.

Mwisho wa mwezi mishahara haikutoka, lakini karatasi za mishahara zilitoka, na nyuma ya kila moja namba za matibabu ya nyumba ile. Wanaume walizisoma getini, huyu akichungulia ya yule. Waliojua siri yetu walinyamaza, maana kuisema pale ni kuiua. Asiyejua akachungulia ya mume wa mama jirani, akapaza sauti: "Eh, kaka! Tisa! Bibi yako anaimbaka kanisa gani siku hizi?"

Jioni hiyo tulisikia kelele upande wa pili wa ukuta. Halafu mama yule akavuka ua hadi mlangoni kwetu, mume wake nyuma yake. Akanishika mkono.

"Weye ndiye uliandika," akasema. "Ambia baba ya batoto bangu. Sema ilikuwa tifoidi."

Mama yangu alinitazama. Baba aliweka kijiko chini. Nilifikiria fundi akifukuzwa, na mimi pamoja naye. Nilifikiria pia kwamba sasa ningelazimika kulitaja lile jina mbele ya wanaume wawili. Nikaangalia sakafu.

"Miye naandikaka tu ile fundi anasema."

Yalikuwa maneno ya kweli, ndiyo maana hadi leo yananiuma. Mama jirani akauachia mkono wangu taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha watu.

Siku ya tatu alifunga nguo zake akaenda kwa kaka zake, wavuvi wa ziwa la Tshangalele. Watoto walibaki na baba yao.

Kiwanda kilipofungwa na siri ikawa haina tena wa kumdhuru, nilimfuata mume wake barazani nikamweleza yote, hata kaswende nikaitaja. Ndani mwanamke mwingine alikuwa akitwanga. Mume yule alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile pia ulikuwa na kinywa," akasema, akaingia ndani.

Sijawahi kwenda Tshangalele. Mara mbili nilifika kituo cha magari, nikarudi. Basi ninyi mnaosoma, kama kule ziwani mnamjua mama wa Likasi aliyekuwa kiongozi wa nyimbo, msomeeni haya: hakusema uongo, ilikuwa tifoidi, na mimi nilijua. Kisha niandikieni amejibu nini. Hata akinitukana, niandikieni.