Koki ya Ukuta wa Bibi

Harufu ya udongo uliolowa bado hunirudisha kwenye nyumba yetu ya Kariakoo, nyumba ya miti na udongo, tulimoishi wazazi wangu, mimi na bibi yangu mzaa baba, aliyetoka Lindi miguu ikiwa imeshapooza. Nilikuwa na miaka tisa. Kila alfajiri nilipanga ndoo foleni kwenye bomba la mtaa wa pili, shingo ikiniuma, na mara nyingi nilichelewa shule nikachapwa.

Hizo ndizo siku ambazo sabuni, unga na hata msumari vilitafutwa kama dawa. Baba, aliyekuwa mpagazi wa ghala, alipata kibali cha kuvuta maji, kisha akaja na koki ndani ya boksi. Alipovimwaga vipande vyake mkekani tukaona vimepungua: nati ya kukazia haimo, wala mipira yake. Alizunguka maduka yote ya vifaa nami nyuma yake, na kote rafu zilikuwa tupu. Mzee Kanji, aliyemuuzia, aliligeuza boksi mikononi kwa aibu.

"Limekuja hivihivi, Baba Zuhura. Vipuri hakuna. Ngoja meli."

Baba hakungoja. Alikata mpira wa baiskeli ukawa vipete, akazungushia uzi wa katani uliopakwa rangi, akaifunga koki kwenye ukuta wa uani, ambao upande wake wa pili ndiko kilikokuwa kitanda cha Bibi. Maji yalipotoka, Mama alipiga vigelegele. Mimi niliichukua ndoo yangu nikaipindua, nikaikalia.

Koki ilivuja kidogo, tukaizoea. Hatukujua kwamba maji mengine yalikuwa yakiingia ndani ya ukuta. Zilipoanza mvua za masika, jioni moja nikimpelekea Bibi uji, alinishika mkono akaubandika ukutani.

"Zuhura, mjukuu wangu, ukuta huu una baridi. Unabonyea. Mwambie baba yako, maana siku hizi hurudi nikiwa nimeshalala."

"Nitamwambia, Bibi."

Sikumwambia. Nilijua angefunga maji, nami ningerudi kwenye foleni. Siku ya pili Bibi akaniuliza, nikamjibu kwamba Baba amesema ataangalia. Akaniamini, akanywa uji wake.

Ukuta ulianguka siku ya tatu, asubuhi, nikiwa shuleni. Nilipofika nyumbani, majirani walikuwa wameshamtoa Bibi, wamemlaza barazani na kumfunika kanga. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye tope, mikono ikivuja damu kwa kufukua, akirudia neno moja tu: "Nimemuua mama. Nimemuua mama." Mama alijaribu kumnyanyua, akashindwa.

Leo nina wajukuu. Mahali pale pamesimama ghorofa, chini yake maduka yanauza koki za kila aina, na vijana wakinisikia nikisimulia taabu za enzi zile husema tulionewa na uhaba. Nawaacha waseme. Baba aliishi miaka ishirini na mitatu zaidi, na hakuwahi tena kushika spana. Wiki yake ya mwisho nilikuwa nikimlisha kwa kijiko. Akaniuliza kama nadhani mama yake alimsamehe. Nikamfuta mdomo, nikamwambia ndiyo, kisha nikachota kijiko kingine. Maneno ya Bibi sikumwambia, hata siku hiyo.