Daftari la Kapteni

Kila jioni mizinga ilipotulia, kapteni alinawa mikono kwa maji ya mvua, akafungua daftari la shule na kuandika vita vya siku hiyo kwa penseli. Hakuandika tu kwamba askari watatu wamekufa. Aliuliza kila marehemu aliitwaje hasa, katoka kijiji gani, mama yake nani, na sauti yake ya chini haikumharakisha mtu, hata Biafra, nchi yao iliyojitenga na Nigeria, ilipokuwa ikimegeka. Sajini Okwudili alilipenda daftari lile mpaka siku alipotoroka handaki kando ya Mto Imo, na wenzake wakamfuata. Siku hiyo kapteni alijeruhiwa mkono wa kulia, na jioni Okwudili aliporudi kambini akampa yeye penseli.

“Andika: niliwaweka watu handakini bila risasi. Wakakimbia. Kosa ni langu.”

“Afande, wa kwanza kukimbia ni mimi.”

“Nimekuuliza? Unataka wenzetu wakupige risasi? Andika!”

Okwudili aliandika, machozi yakimlenga, kisha akaongeza kimyakimya mstari wenye jina lake. Kapteni aliomba daftari, akasoma polepole, akashika penseli kwa mkono wa kushoto na kuupaka weusi mstari ule, herufi moja baada ya nyingine, mpaka jina halikusomeka tena.