Mshale wa Juu Kabisa

Nasema mapema, nisije nikaitwa mnafiki: mzee aliyesimamia tasnifu yangu simpendi. Nikimwona anakuja kwenye korido ya kitivo najifanya natafuta ufunguo mkobani, na nikisikia ana mafua nafurahi kidogo. Watu wananiambia nisahau, eti udaktari nimeupata, nataka nini tena. Nataka mkono wake utoke kwenye ubao wangu.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza, ingawa wajomba zangu mpaka leo wananiletea mawe kwenye mifuko niwaambie yana kobalti kiasi gani. Mimi sipimi mawe. Kule Afrika Kusini kuna mashine inayorusha viini vya atomu kwa kasi, vinakwenda kupiga bati jembamba la metali. Viini viwili vikigongana sawasawa vinaungana, na kile kinachozaliwa kinazunguka vibaya sana. Hakiwezi kubaki hivyo. Kinateremka daraja kwa daraja, na kila kikiteremka kinatoa mwale wa gama, na vifaa vilivyokizunguka pande zote vinaunasa mwale huo na kuupima.

Nilirudi Lubumbashi na diski iliyojaa namba, nikakaa nayo miaka. Njia ni hii: unachagua mwale mmoja, unaiuliza kompyuta, nani walifika pamoja na huyu? Waliofika pamoja ni wa ngazi moja. Ukiwa na uvumilivu, na umeme usipokatika, unaichora ngazi nzima, kila daraja na mshale wake unaoshuka.

Juu kabisa, pale kiini kinapozunguka kuliko popote, miale inakuwa haba. Pale juu niliona kinundu kidogo kwenye grafu. Ukikitafuta kupitia mwale huu, kipo. Ukikitafuta kupitia ule wa pili, huoni kitu. Kwa jambo kama hilo fani yetu ina desturi: mshale unauchora wa vipande vipande, na namba ya mzunguko unaifungia kwenye mabano. Maana yake, nadhani, lakini sijaona vya kutosha. Popote duniani wanaosoma michoro hiyo wanaelewa hivyo. Nikauchora hivyo.

Profesa msimamizi wangu aliutaka mzima. Ukiwa mzima, ngazi yetu ilikuwa inapita zote zilizowahi kuchorwa kwa kiini kile, na alikwisha kumwambia mkuu wa kitivo. Aliniita ofisini, akaweka kidole juu ya mchoro.

“Ma fille, huyu mwale iko pale. Miye naiona.”

“Prof, miye naiona mara moja, mara ya pili siione.”

“Bantu habaandikake thèse na ‘nazani’. Toa hii pointillé.”

Nilimwambia vile vipande sivitoi. Alinitazama kama mtu aliyekuta mchanga kwenye bukari, ugali wetu, akasema basi tutaona. Baadaye nikasikia kutoka kwa makatibu kwamba mimi ni mtoto mwenye kichwa kigumu, niliyelelewa vibaya.

Neno hilo la kulelewa lilinichoma kuliko mengine, kwa sababu aliyenilea alikuwa upande wake. Mama yangu, mjane wa mfanyakazi wa reli, anakaa Kamalondo. Siku moja alikuja chuoni na kikapu cha karanga kumshukuru profesa, na yule bwana, akiwa na karanga zake mkononi, akamwambia, “Mama, mutoto yako amepanda fasi Bazungu habayafika.” Mama alirudi nyumbani na sentensi hiyo, akaitangaza parokiani kote. Wanawake wa kwaya wakanunua kitenge cha aina moja kwa siku ya utetezi wa tasnifu, fundi wa jirani akashona usiku na mchana. Nilijaribu kumweleza mama kwamba mahali pale penyewe bado hatupajui vizuri. Alinijibu kwamba kama Papa Prof amesema, mimi nani wa kubisha.

Tasnifu ikachapwa na mshale wangu wa vipande. Profesa alisaini kwa sababu wageni walikwisha kualikwa. Akanirudishia kalamu bila kunitazama.

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa. Jopo lilikaa mbele na majoho yake. Nyuma walikaa mama na kwaya nzima na kitenge chao kimoja, na mimi nilikuwa nimevaa kitenge hichohicho, maana mama alikataa suti. Profesa mmoja mwanamke, aliyekuja kutoka chuo kingine kunihoji, alikuwa na penseli na uso usiocheka. Nilikuwa nimeanza tu kuonyesha ngazi kwenye projekta, umeme ukakatika. Jenereta ya kitivo haikuwaka, na hakuna aliyeshangaa. Mwenyekiti wa jopo akaniambia niendelee kwa chaki.

Nikachora. Daraja la chini, la pili, la tatu, mishale mizima iliyonyooka, kila mmoja naujua. Nilipofika juu nikachora vipande: kipande, nafasi, kipande, nafasi. Nikaweka namba kwenye mabano. Nilikuwa bado na chaki mkononi niliposikia kiti kinasogezwa.

Profesa alisimama. Alikuja taratibu huku akitabasamu kwa ukumbi, akanitoa chaki vidoleni kama unavyomnyang’anya mtoto kisu, na akajaza nafasi. Zote, moja baada ya nyingine, mpaka mshale ukawa mzima. Akafuta mabano kwa kidole gumba. Akasema kwa Kifaransa kwamba mtahiniwa ana hofu ya siku kubwa.

Nyuma kwaya ikapiga vigelegele. Waliona mzee anamsaidia mtoto wao. Mama alisimama, mikono juu, na mpiga picha aliyekodiwa akakimbia mbele na kamera.

Nilimchukia wakati ule kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Si kwa ajili ya mshale peke yake. Ni kwa jinsi alivyotabasamu, na kwa jinsi mama alivyofurahi. Dasta haikuwepo. Nikashika pindo la kitenge kipya nikafuta, nikasugua mpaka pale juu pakawa patupu na nguo ikawa na vumbi hadi gotini. Nikachukua chaki nyingine. Kipande, nafasi, kipande, nafasi, mabano.

Vigelegele vikafa.

Yule profesa mgeni akaweka penseli chini. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, huo mwale upo au haupo.

“Sijui,” nikasema. “Ndiyo maana mshale nimeukata.”

Akaichukua tena penseli, akaandika kitu.

Jopo lilirudi na udaktari wangu, na alama ya chini kabisa inayoruhusiwa kutolewa. Profesa aliisoma mwenyewe, polepole, akitamka kila silabi. Kwenye karamu mama alimpa paja la kuku kwa mikono miwili, akapiga goti. Kwangu alikuja mwishoni, akashika pindo langu lenye chaki.

“Juu ya nini unanipatisha haya mbele ya bantu ba paroisse? Papa Prof anakusaidia, weye unafuta! Na kikwembe ya mupya!”

Nilijaribu kueleza. Hakusikiliza, na mimi nilikuwa nimechoka, nikapandisha sauti, naye akaondoka.

Nakala ya tasnifu ipo maktaba, na ndani yake mshale umekatika, kama nilivyoona. Hakuna anayeifungua. Sebuleni kwa mama, Kamalondo, ipo picha. Mpiga picha aliniletea nyingi, mama akachagua moja, akaitia kwenye fremu, akaipachika juu ya meza ya kulia: profesa na mkono wake ubaoni, mshale mzima mpaka juu, mimi pembeni nimeshika hewa. Niliomba atundike nyingine. Nilimwambia, mama, hii picha ni uongo. Akasema picha haijui kudanganya.

Jumapili iliyopita nilitoka Makomeno ninakokaa, kwenda kula kwake kama kawaida. Alikuwa na mgeni, mwanamke mpya wa kwaya, na mgeni akauliza kuhusu picha. Mama alifuta kioo kwa kiganja kabla ya kujibu.

“Hapa njo Papa Prof anamalizia mutoto ile ilimushinda.”

Nikaweka kijiko chini. Nikasema haikunishinda. Nikasema tena, kwa sauti ya juu, mgeni akaanza kutazama mlango.

Mama akanisogezea sahani ya sombe, mboga yake ya majani ya muhogo.

“Kula,” akasema. “Bukari inapoa.”