Pistoni ya Kubana

Jamani, chekeni mapema mmalize, maana nikianza kusimulia siku niliyoingia kijijini Msanzi kuposa sitaki kukatizwa. Mke wangu Skola hunilazimisha kuirudia kila tukipata wageni, na kila mara masikio yananiwaka upya.

Zilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zimeanza kuruhusiwa. Kabla ya hapo, ukienda duka la spea Sumbawanga mjini kuulizia pistoni ya pikipiki kuukuu kama langu (la marehemu babu, mlio wake uliamsha kijiji chetu chote cha Milanzi) muuzaji alikuonea huruma tu. Sasa Mzee Salehe, mwenye duka, akanipangia pistoni tatu juu ya kaunta, zote za viwanda nisivyovijua, akajikalia zake.

"Chagua, mwanangu. Si mlikuwa mnalilia soko huria?"

Nichague? Mimi niliyekua nikishukuru kupata sabuni ya aina yoyote! Silinda nilikuwa nayo kwenye kiroba, basi nikajaribisha moja moja. Mbili zilipita kwa raha, zikawa zinacheza kidogo. Ya tatu ilibana hadi niisukume kwa kiganja, nikasema hii ndiyo ya kiume, hii haivujishi nguvu.

"Ikipata moto je, itatanukia wapi?" akauliza Mzee Salehe.

Nikamjibu kwamba Ufipa kuna baridi. (Nilimjibu hivyo kweli, tena kwa kujiamini.)

Jumapili nikampakia baba mdogo Deusi, mshenga wangu, na suti yake ya kijivu na jembe jipya la posa mkononi (likipokelewa, umekubaliwa). Baba yake Skola alishasema atatusikiliza siku hiyo tu, tukishindwa kuna mwalimu mmoja anasubiri. Njia nzima pikipiki linahema, nalipumzisha, tunaendelea, lakini kufika Msanzi nikaona watu wanatoka kanisani, na mimi na sifa zangu, nikalivuta mafuta yote ili wakwe wajue mkwe anaingia.

Wakajua. Injini ilinoki, pistoni ikakwama ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likaganda palepale, tukaserereka katikati ya waumini, baba mdogo akatua kwenye mahindi yaliyoanikwa huku jembe kaliinua juu, mimi nikaishia miguuni mwa mama mmoja aliyevaa kitenge. Mama yake Skola! Mkwe ambaye hata kumtazama usoni nilipaswa kuona haya, nami nimeshika kiatu chake.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa chini.

"Marahaba. Niachie kiatu."

Pikipiki likapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliomleta bibi yake Skola kanisani. Bibi aligoma kushuka, akaliegemea, sisi tukafuata nyuma kwa miguu na watoto wanashangilia.

Tulipoketishwa kwao, baba yake Skola akauliza injini imepatwa na nini. Nikaeleza habari za pistoni zote tatu na jinsi nilivyochagua, bila kuficha kitu, mjinga mimi. Akasema, "Na binti yangu ulimchagua hivyohivyo?"

Nilijua nimemkosa. Baba mdogo, mshenga mzima, akakohoa tu na punje za mahindi kwenye kola.

Sauti ikatoka jikoni. "Hakunichagua, baba. Nilimchagua mimi."

Mzee akalipokea jembe. Tangu siku hiyo sichagui kitu dukani, iwe spea, iwe shati. Skola anachagua, mimi nabeba. Hata pistoni iliyomo sasa, ile ya kucheza kidogo, ni chaguo lake, maana yeye alimsikiliza Mzee Salehe.